Tusimwache mgonjwa afe peke yake huku tumemzunguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika kurasa zenu za afya, ambayo iliwashauri ndugu wa mgonjwa ambaye dawa haziwezi tena kumponya wamfiche hali yake, wazungumze naye mambo ya kufurahisha tu, na ikitokea akagusia kifo wageuze mazungumzo haraka ili asikate tamaa. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kando ya vitanda vya watu ambao sote, wao wenyewe wakiwamo, tulijua hawatatoka wodini wakitembea. Sina ugomvi na mwandishi wa makala ile, kwa kuwa ushauri wake ndio unaotolewa karibu katika kila nyumba yenye mgonjwa mahututi, na sina shaka na nia yake. Ninachosema ni kwamba wanaolindwa na ushauri huo ni sisi tuliosimama kando ya kitanda, ilhali anayelipa gharama yake ni mgonjwa kwanza, kisha wafiwa baada yake.

Haki inanitaka niseme kwamba madaktari nao walikuwa na imani hiyo hiyo, tena si zamani sana. Mwaka 1961 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Donald Oken, alichapisha matokeo ya kuwahoji madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago kuhusu wagonjwa wao wa saratani, na asilimia 90 walisema kwamba wanapendelea kutomwambia mgonjwa ugonjwa unaomsumbua. Maswali hayo yaliporudiwa kwa madaktari wengine wa nchi hiyo, na majibu yao kuchapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walisema wanapendelea kumwambia. Kwa hiyo kizazi kimoja cha madaktari kilitosha kuugeuza msimamo huo juu chini. Tiba zilikuwa zimeboreka, na wagonjwa walikuwa wameanza kudai haki ya kuamua wenyewe kuhusu miili yao, lakini kuna jambo jingine ambalo Oken alikuwa amelibaini mapema: wale waliokuwa wakificha hawakufikia uamuzi huo kwa kuchunguza yaliyowapata wagonjwa walioambiwa ukweli. Waliongozwa na hisia zao na imani walizokuwa nazo tangu awali. Nadhani hata mwandishi wa makala ile akiulizwa ni mgonjwa gani aliyemwona akifa mapema kwa sababu tu ya kuambiwa ukweli, atapata shida kumtaja.

Wanasosholojia wawili, Barney Glaser na Anselm Strauss, ambao walikaa katika wodi za hospitali kadhaa za eneo la San Francisco wakitazama jinsi watu wanavyokufa na jinsi wanavyohudumiwa, walitoa kitabu mwaka 1965 ambamo walizieleza hali nne zinazoweza kuwapo baina ya mgonjwa na watu wake. Kuna hali ambayo wote wanajua isipokuwa mgonjwa. Kuna hali ambayo mgonjwa anashuku na anatega mitego ili apate uhakika. Kuna hali ambayo kila mmoja anajua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, lakini wote wamekubaliana bila kutamka neno kwamba watajifanya hawajui. Na kuna hali ambayo wote wanajua na wanalizungumza waziwazi. Makala yenu ilidhani kwamba mgonjwa anaweza kubakizwa katika hali ya kwanza hadi mwisho. Kwa niliyoyaona, hali hiyo haidumu. Mwili wa mgonjwa unampa habari kila asubuhi anapojaribu kuketi, na sisi tunaomzunguka tunamalizia: daktari aliyezoea kuvuta kiti sasa anasimama mlangoni, jamaa wa mbali waliokuwa hawaonekani miaka nenda miaka rudi wanafika kwa mpigo, na mazungumzo ya simu yanakatika ghafla mtu anapoingia chumbani.

Kwa hiyo tunaishia katika hali ya tatu, na hiyo nimeiona mara nyingi kiasi kwamba naweza kuieleza hatua kwa hatua. Binti anatoka chumbani kwa mama yake akiaga kwamba anakwenda kujaza chupa ya maji. Akifika kwenye korido anageukia ukuta na kulia bila sauti, kisha ananawa uso bombani, anasubiri wekundu wa macho upungue, anajitazama kwenye kioo cha simu na kujaribu tabasamu mara moja au mbili kabla ya kurudi. Ndani, mama naye ametumia dakika hizo hizo kulia na kujifuta kwa ncha ya shuka, na mlango unapofunguka anauliza kama mvua imeacha. Basi wanazungumzia mvua. Usiku, binti akishaondoka, mama huyo huyo ananiuliza mimi, mtu baki niliyevaa sare, kama mwishoni ataumia sana; ananieleza hati zilipo na funguo ya sanduku aliificha wapi; na anataka, siku ikifika, nimwambie binti yake kwamba hana kinyongo naye. Nimewahi kufikisha ujumbe wa namna hiyo. Mtoto anayeupokea kutoka kwa muuguzi, wakati kitanda kimeshatandikwa upya, hushukuru kwa adabu, kisha huuliza swali ambalo sikuwahi kulipatia jibu: kwa nini hakuniambia mwenyewe?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na katika jambo hili anayeficha ni nyumba nzima. Kilio kikija, hakuna anayejua marehemu alidaiwa na nani, hakuna anayejua alitaka azikwe wapi, na ndugu wanaanza kushutumiana juu ya nani alijua nini na tangu lini. Mengi ya magomvi ya mirathi ambayo gazeti lako huyaripoti, nina hakika, yalianzia katika wiki ambazo mwenye mali alikuwa hai, ana akili zake timamu, na ana hamu ya kusema, lakini kila alipofungua kinywa aliambiwa, "Usiseme hivyo, utapona tu."

Wapo watakaosema kwamba haya yanawezekana kwa mtu mzima, lakini mtoto je? Hapa ndipo ushahidi ulipo mzito kuliko mahali pengine. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa na watoto waliokuwa wakiugua lukemia, yaani saratani ya damu, katika hospitali moja ya Marekani, enzi ambazo wengi wao hawakupona, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 alionyesha kwamba hata watoto wadogo sana walikuwa wametambua kwamba wanakufa ingawa hakuna mtu mzima aliyewaambia. Walijua kwa kusikiliza madaktari wakizungumza, kwa kulinganisha dawa zao na za wenzao, na zaidi ya yote kwa kupata habari kwamba mwenzao fulani aliyekuwa akipewa dawa hizo hizo amekufa. Kisha walifanya jambo ambalo sisi watu wazima lingetupasa kulitafakari: walinyamaza, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba wakilitaja wazazi wao hulia au hutoka chumbani. Mtoto anayekufa alikuwa amejitwika kazi ya kumbembeleza mzazi wake.

Utafiti mwingine, ambao laiti kila anayeuguza mtoto angeusikia, ulifanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2004. Watafiti waliwauliza wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekufa kwa saratani kama waliwahi kuzungumza na mtoto kuhusu kifo chake, na kama wanajutia walichokifanya. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na watoto wao, na miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyejuta. Wazazi 258 walikuwa hawajazungumza, na kati yao 69, yaani zaidi ya robo, walijuta, na majuto hayo yaliwabana zaidi wale waliokuwa wamehisi kwamba mtoto alikuwa anajua. Sitaki kuzitumia takwimu hizi kwa hila. Wengi wa wale ambao hawakuzungumza hawakujuta, na mzazi ambaye hakuweza kulitamka neno hilo mbele ya mtoto wake hastahili lawama ya mtu yeyote. Lakini mizani hii haiko sawa hata kidogo: upande mmoja hakuna majuto kabisa, upande wa pili yapo, na yalikuwa yangalipo miaka kadhaa baada ya mazishi.

Nirudi kwenye hoja kuu ya makala, ile ya kukata tamaa. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa 332 wa saratani iliyokwisha kuenea pamoja na watu waliokuwa wakiwauguza. Wale waliokuwa wamezungumza na madaktari wao kuhusu mwisho wa maisha hawakuonekana kuwa na sonona wala wasiwasi zaidi ya wale ambao hawakuzungumza. Tofauti ilionekana kwingine: wachache zaidi kati yao waliingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakawekewa mashine za kupumulia au kugandamizwa kifua katika juma lao la mwisho, na wale waliowauguza walikuwa na hali nafuu zaidi miezi kadhaa baada ya kufiwa. Yule ambaye hakuambiwa chochote huishia, mara nyingi kuliko mwenzake, katika mirija na kengele za mashine, akiwa mbali na mikono ya watoto wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka hivyo. Huko ndiko ninakokuita mimi kukatishwa tamaa.

Kuna na utafiti wa mwaka 2010 uliowahusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu katika hospitali moja ya Boston, ambao nusu yao walipewa tiba shufaa tangu ugonjwa ulipogunduliwa, sambamba na matibabu ya kawaida. Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari zake, tiba shufaa ni huduma inayolenga kuondoa maumivu na mateso mengine ya mgonjwa, kumsikiliza yeye na familia yake, na kupanga nao yajayo. Wagonjwa hao walikuwa na dalili chache za sonona, walipewa tiba chache za kutesa mwishoni, na bado waliishi kwa wastani wa miezi 11.6, wakati wenzao waliishi miezi 8.9. Utafiti ule haukupima kusema ukweli peke yake, kwa hiyo nisiutwishe mzigo usiokuwa wake. Lakini anayedai kwamba kuyakabili mambo kwa uwazi humfupishia mtu maisha ana kazi kubwa ya kuyaeleza matokeo hayo.

Isitoshe, matumaini hayana sura moja. Mtu ambaye hatumaini tena kupona anaweza kutumaini kwamba hataumia, kwamba atapatana na ndugu yake, kwamba atakufa nyumbani, kwamba mwanawe mdogo ataendelea na masomo, na haya ni matumaini ambayo sisi tuna uwezo wa kuyatimiza, tofauti na lile moja tunaloling'ang'ania kwa niaba yake. Cicely Saunders, Mwingereza aliyepitia uuguzi na ustawi wa jamii kabla ya kuwa daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua huko London hospitali ya St Christopher's kwa ajili ya watu waliokuwa wakifa, alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hiyo ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano yake na watu na ya roho kwa pamoja. Nimeuona ukweli wa fundisho hilo kila mara dozi ya mofini ilipoongezwa bila nafuu, hadi siku ndugu fulani alipokuja wakazungumza lililokuwa likiwatenganisha; usiku ule mgonjwa alilala kwa dozi ile ile ya jana yake.

Najua pia pingamizi la wale wanaosema kwamba kukitaja kifo ni uchuro, ni kumwitia mtu mauti kabla ya siku yake. Sitawadhihaki, kwa maana hofu hiyo ni ya kale na iko duniani kote. Ila anayesema kwamba ugonjwa fulani hautapona hajatabiri siku, na wala asithubutu kuitabiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wagonjwa 468 waliokuwa mwishoni mwa maisha yao Chicago ulionyesha kwamba makadirio ya madaktari yalikuwa sahihi kwa asilimia 20 tu, kwamba walipokosea mara nyingi walikadiria muda mrefu kuliko uliokuwapo, na kwamba kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa wake kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea. Mapenzi humpofusha hata mtaalamu. Familia inayosema "tutazungumza hali ikizidi kuwa mbaya" kwa kawaida huja kuzungumza na mtu ambaye hawezi tena kujibu.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba natetea ukatili. Ukweli unaotupwa kama jiwe, daktari akiwa amesimama kwenye korido na faili mkononi, mbele ya wagonjwa wengine, ni aina nyingine ya kumtelekeza mtu. Wapo wagonjwa ambao hawataki kujua, na hiyo ni haki yao. Wapo wanaotaka kujua kidogo leo na kidogo kesho kutwa. Wapo wanaotaka mtoto wao mmoja ndiye aambiwe. Njia ya kuwatofautisha ni kuwauliza, na swali lenyewe si gumu kama tunavyoliogopa: "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?" Baada ya hapo muulizaji anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wanafunzi wangu wa uuguzi waliweza kuuliza vizuri, kisha kimya cha sekunde chache kikawashinda, wakajaza maneno yao wenyewe pale ambapo mgonjwa alikuwa akikusanya nguvu za kujibu. Na mgonjwa akiuliza, "Je, ninakufa?", jibu la kwanza si ndiyo wala hapana. Vuta kiti, kaa, muulize ni nini kimemfanya aulize leo. Mara nyingi ana hofu moja mahususi, ya kukabwa na pumzi kwa mfano au ya kufia gizani, na hofu hiyo ina dawa.

Kwa kupita tu niguse zile "hatua tano" ambazo makala yenu ilizitaja kana kwamba ni ratiba. Elisabeth Kübler-Ross, daktari aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Chicago, alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na watu waliokuwa wakifa: kukana, hasira, kujadiliana na majaliwa, huzuni na kukubali. Alichokifanya cha maana ni kwamba aliingia vyumbani mwao na kuwauliza, wakati wengine walikuwa wakiwakwepa. Lakini hatua hizo zilitokana na wagonjwa, si wafiwa, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba si ngazi ambazo lazima kila mtu azipande kwa mfuatano. Nimewahi kumsikia ndugu akilalamika kwamba mgonjwa wake "amekataa kufika hatua ya kukubali", kana kwamba mtu anaweza kufeli mtihani wa kufa.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na ambalo huwatesa wanaouguza kuliko yote, ni jinsi mwili unavyokufa. Watu wengi siku hizi hufika utu uzima bila kuwahi kumwona mtu akikata roho, na kwa kuwa hakuna anayewaeleza, kila dalili ya kawaida huwajia kama ajali. Mgonjwa anaacha kula, na familia inamlazimisha kijiko kwa kijiko, ikidhani kwamba njaa ndiyo itakayomuua, ilhali ni mwili unaojifunga na hauna tena haja ya chakula. Kinachomfaa ni kulowanishwa midomo kwa kitambaa laini chenye maji na kupakwa mafuta kidogo isichanike. Analala saa nyingi zaidi kuliko anavyokuwa macho. Mikono na miguu inapoa, na ngozi ya magotini inaingia mabaka ya zambarau. Pumzi inakuja kwa mawimbi, ya haraka kisha ya polepole, kisha inasimama kwa muda ambao kila aliyemo chumbani naye husahau kupumua, halafu inarudi. Wakati mwingine kunasikika mkoromo wa majimaji kooni, sauti ambayo huwaogofya sana walio hai, ingawa mgonjwa mwenyewe kwa wakati huo kwa kawaida hana fahamu za kuumizwa nayo. Kumgeuza alale kwa ubavu mara nyingi huipunguza. Wote waliowahi kuelezwa haya mapema na mtu mtulivu walibaki chumbani wakiwa wamemshika mkono. Wale ambao hawakuelezwa walikimbia kuita daktari, na wapo waliorudi wakakuta yameisha.

Tuliwazoesha ndugu kuendelea kuzungumza na mgonjwa hata asipojibu. Zamani tulifanya hivyo kwa imani tu, lakini mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya wagonjwa waliokuwa katika saa zao za mwisho bila kuitikia chochote, na ubongo wa baadhi yao ulionekana kuzitambua sauti zilizobadilika kama ubongo wa mtu mwenye afya unavyozitambua. Hilo halithibitishi kwamba wanaelewa maneno. Linatosha, hata hivyo, kutufanya tuache kugombania mali juu ya vichwa vyao.

Ukimya ulioanza kitandani huwa hauishi na mazishi, bali huhamia kwa mfiwa. Anaambiwa jikaze, usilie, wewe ni mkubwa wa familia, na baada ya wiki chache jina la marehemu halitajwi tena mbele yake kwa kuhofia kumkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau. Wanasaikolojia wa karne iliyopita kwa muda mrefu walimfuata Sigmund Freud, aliyeandika mwaka 1917 kwamba kazi ya huzuni ni kumwondoa marehemu moyoni hatua kwa hatua. Tangu miaka ya 1990 mtazamo huo umelegezwa sana. Watafiti wamekubali kwamba wafiwa wengi huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao, kwa kuwazungumzisha, kuwataka ushauri kimoyomoyo, kutimiza nia zao, na kwamba hilo si ugonjwa. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huyumba baina ya mambo mawili: leo yuko ndani ya msiba wake, kesho yuko katika kujifunza kulipa bili ambazo mume ndiye aliyekuwa akilipa, na kuyumba huko ndiko kunakomponya. Kwa hiyo mjane anayecheka kidogo katika wiki ya pili hajamsaliti mtu, na anayelia ghafla mwaka wa pili hajarudi nyuma.

Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293 na kuchapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona marehemu, kumsikia, au kuhisi kwamba yumo chumbani, na wengi waliona kwamba jambo hilo linawafariji. Hata hivyo, wengi wao walikuwa hawajamwambia mtu yeyote hadi daktari alipowauliza. Fikiria, Mhariri, watu wote hao, kila mmoja nyumbani kwake, akidhani kwamba ni yeye peke yake anayerukwa na akili.

Huzuni inayozidi mipaka ipo, na haifai kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani sasa limeiingiza katika orodha yake ya magonjwa huzuni ya kufiwa inayomlemaza mtu kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi kinachotarajiwa katika jamii yake, na ipo tiba ya mazungumzo inayoisaidia. Wengi hawafikii huko, na wanachohitaji si bingwa bali ni mtu wa kukaa nao. Niongeze na la kiuguzi: utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika saa 24 za kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu, hatari ya mshtuko wa moyo huwa kubwa takriban mara 21 kuliko siku za kawaida, kwa hiyo katika pilikapilika za msiba mtu mmoja apewe jukumu la kuhakikisha kwamba mzee mwenye presha amekula, amelala na amemeza dawa zake.

Watoto waliofiwa nao waambiwe kwa maneno yaliyonyooka, kwamba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi. Mtoto anayeambiwa kwamba babu amelala ataogopa kulala, na anayeambiwa kwamba amesafiri atamsubiri mlangoni, kisha atajiuliza ni kosa gani alilomfanyia hata akaondoka bila kuaga. Kwa kawaida ni kati ya umri wa miaka mitano na saba ndipo wanapoelewa kwamba kifo hakina marejeo, kwa hiyo walio chini ya hapo watauliza swali lile lile tena na tena, na jibu liwe lile lile.

Nina maombi mawili kwako, Mhariri. La kwanza ni kwamba kurasa zenu za afya zichapishe, kwa lugha rahisi, maelezo ya dalili za siku za mwisho na namna ya kumtunza mgonjwa aliyeko nyumbani katika siku hizo, yaandikwe na mtu wa tiba shufaa na yawe ya kukatwa na kuhifadhiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hiyo kila mwaka na kwamba ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata, na sababu mojawapo, mbali na uhaba wa wataalamu na wa mofini, ni kwamba familia nyingi hazijui kuwa ipo. La pili ni kwamba mwandishi wa makala ile apewe nafasi ya kunijibu, na katika jibu lake aeleze ni nini hasa muuguzi wa zamu ya usiku anapaswa kumwambia mgonjwa anayemuuliza ukweli, ikiwa ndugu wote wamekwisha kuagiza kwamba asiambiwe.

Wako msomaji wa muda mrefu,
Muuguzi mstaafu